Uchambuzi: Mkufu unauzwa kwenye WhatsApp ya Kolwezi, nani atasema kama ni wa kweli?

Tuchukue mfano ambao mkaaji yeyote wa Kolwezi atauelewa. Mama mmoja wa komini ya Manika anatafuta pesa ya masomo ya watoto. Anao mkufu ambao dada yake anayeishi Brussels alimletea miaka kadhaa iliyopita: mnyororo wa dhahabu na kidani cha kijani chenye umbo la jani la sehemu nne. Anaupiga picha, anaiweka kwenye statu yake ya WhatsApp na katika kundi moja la mauzo la Facebook, kisha anaandika bei. Dakika chache baadaye swali la kwanza linafika: "Yaya, ni yenyewe ao ni kopi?" Anajibu kwamba ni yenyewe. Swali la pili linafuata: "Na karatasi yake?"

Karatasi hana. Zawadi ya ndugu haiji na risiti. Kuanzia hapo mazungumzo yanabadilika. Mmoja anacheka, mwingine anamwita mwongo, wa tatu anakuja faraghani na kumtolea robo ya bei, akimwambia kwamba anamsaidia tu. Huenda mama huyo anasema kweli. Huenda dada yake mwenyewe alidanganywa huko Ulaya. Huenda pia anajua vizuri kwamba ni kopi. Mnunuzi hana njia ya kujua, na mama mwenyewe hana njia ya kujitetea.

Mfano huu ni mdogo, lakini ndani yake kuna jambo kubwa kwa jimbo la Lualaba na kwa Congo ya mashariki nzima, ambako dhahabu, shaba na mawe ya rangi hutoka ardhini kila siku. Swali la kama kitu ni cha kweli halijibiwi na kitu chenyewe. Linajibiwa na yule mwenye mashine, mwenye karatasi, au mwenye jina linaloaminiwa. Asiye na hata kimoja cha hivyo hulipa gharama ya mashaka, hata kama hajamdanganya mtu.

Hesabu ya kwanza: uzito na bei

Tuanze na jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulipima bila mashine. Mwezi wa 10 mwaka 2025, bei ya dhahabu duniani ilipita dola 4,000 kwa aunsi moja kwa mara ya kwanza. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Kwa bei hiyo, gramu moja ya dhahabu safi ni karibu dola 128. Dhahabu ya karati 18 ina sehemu 75 kwa mia za dhahabu, kwa hiyo gramu yake moja ina dhahabu ya karibu dola 96.

Sasa mtu anapotangaza mnyororo wa gramu 10, "karati 18, ya kweli kabisa," kwa dola 150, tufanye hesabu. Dhahabu iliyomo peke yake ingekuwa na thamani ya karibu dola 960. Hakuna mfanyabiashara anayeuza dola 960 kwa dola 150. Bei hiyo yenyewe imekwisha kukujibu: ama ni shaba iliyopakwa dhahabu, ama imeibwa, ama muuzaji hajui anachouza. Katika hali zote tatu, mnunuzi anaingia matatani.

Hesabu hii ni rahisi, lakini watu wengi hawaifanyi, kwa sababu tangazo la mtandaoni halisemi uzito. Linaonyesha picha nzuri, mwanga mzuri, mkono mzuri, na bei. Dawa ya kwanza basi ni ndogo sana: usizungumze bei kabla ya kuambiwa gramu. Anayekataa kupima mbele yako ameshakupa jibu.

Hesabu ya pili: jina

Hata hivyo, gramu hazimalizi kesi, hasa kwa vito vya majina makubwa. Tuangalie lile umbo la jani la sehemu nne ambalo linaonekana leo shingoni mwa watu wengi, kutoka Dubai hadi Kinshasa. Linajulikana kwa jina la Alhambra, na lilitolewa mwaka 1968 na nyumba ya vito ya Van Cleef & Arpels ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1906. Ndani ya umbo hilo huwekwa mawe ya aina mbalimbali, na mojawapo ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari ambalo watu wa Kolwezi wanalifahamu tangu utoto.

Kidani cha namna hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola, ingawa dhahabu yake ni gramu chache tu na jiwe lake ni kipande chembamba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ni jina, kazi ya mikono, na cheti kinachotolewa siku ya kununua. Kopi yake inaweza kuwa na dhahabu ya kweli na malakiti ya kweli, na bado ikaitwa bandia, kwa sababu haikutoka katika nyumba hiyo.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Mtu anapouliza kama kitu "ni cha kweli," anaweza kuwa anauliza maswali matatu tofauti. La kwanza: je, metali ni dhahabu? La pili: je, jiwe ni jiwe? La tatu: je, jina lililochorwa ni la haki? Mizani hujibu la kwanza. Mtaalamu wa mawe hujibu la pili. La tatu hujibiwa na nyumba yenye jina pamoja na karatasi, na kwa mtu wa Kolwezi nyumba hiyo iko mbali sana.

Mahakama za nje hazikukubaliana

Mtu asifikiri kwamba huko Ulaya na Marekani jambo hili limekwisha kutatuliwa. Mwaka 2004, kampuni ya vito ya Tiffany ya New York iliishitaki eBay, soko kubwa la mtandaoni. Tiffany ilikuwa imenunua vitu vilivyotangazwa kwa jina lake katika soko hilo na kuvipima. Kwa hesabu yake, zaidi ya 73 kwa mia ya vitu ilivyonunua mwaka 2004 vilikuwa bandia, na mwaka 2005 zaidi ya 75 kwa mia. Jaji alikosoa namna hesabu hiyo ilivyofanywa, lakini hakuna aliyekana kwamba bandia zilikuwa nyingi.

Mwezi wa 7 mwaka 2008, mahakama ya New York iliamua kwamba eBay haikuwa na hatia. Kujua kwa jumla kwamba bandia zipo hakutoshi. Mwenye jina ndiye mwenye kazi ya kuonyesha tangazo lipi ni la uongo, na soko likishaonyeshwa linapaswa kuliondoa. Mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2010. Lakini wiki mbili tu kabla ya hukumu ya New York, mahakama ya biashara ya Paris ilikuwa imeamua kinyume. Iliiamuru eBay ilipe karibu euro milioni 40 kwa kampuni za kundi la LVMH, kwa kushindwa kuzuia bandia na kuruhusu mauzo yasiyoruhusiwa. Kiasi hicho kilipunguzwa sana baadaye katika rufaa. Mwaka mmoja, soko moja, swali moja, majibu mawili.

Kesi mpya zaidi zinaonyesha mahali ugomvi unapoelekea. Chanel iliwashitaki wauzaji wawili wakubwa wa vitu vilivyokwisha kutumika nchini Marekani, The RealReal na What Goes Around Comes Around. Katika kesi ya pili, wazee wa baraza la mahakama ya New York waliipa Chanel dola milioni 4 mwezi wa 2 mwaka 2024. Nyuma ya kesi hizo kuna dai moja: muuzaji wa mitumba ya kifahari hana uwezo wa kuthibitisha bidhaa ya mwingine, na mwenye uwezo huo ni nyumba iliyoitengeneza peke yake.

Dai hilo lina ukweli ndani yake, kwa kuwa aliyetengeneza ndiye anayejua kazi yake. Lina pia faida ndani yake, kwa sababu nyumba inayouza vito vipya haifurahii sana kuona vya zamani vikiuzwa kwa bei nafuu. Anayethibitisha ana maslahi katika jibu. Kwa mtu wa Kolwezi, habari hiyo si ngeni hata kidogo.

Mwenye mashine ndiye mwenye bei

Nenda Musompo, soko la madini lililo nje kidogo ya Kolwezi, au katika depo yoyote ya barabarani. Mchimbaji wa mikono, yule tunayemwita krezeri, anafika na mifuko yake ya heterojeniti. Anajua alikotoa mawe hayo na anajua jasho lake. Lakini bei haitokani na anachojua yeye. Mnunuzi anachukua mashine ndogo ya mkononi ambayo wachimbaji huiita metorex, anaielekeza kwenye jiwe, na namba inatokea: kobalti asilimia mbili, au moja na nusu. Mchimbaji akisema kwamba mawe yake yana zaidi, anajibiwa kwamba mashine ndiyo imesema. Malalamiko kuhusu mashine hizo na mizani za depo ni ya miaka mingi Lualaba. Makrezeri wengi wanaamini kwamba namba inasomwa kwa faida ya mwenye kununua.

Mashine hiyo hufanya kazi kwa miale ya eksirei: inapiga jiwe, kila metali inarudisha mwanga wa namna yake, na mashine inahesabu. Wauzaji wa vito wa Dubai, Antwerp au Nairobi hutumia mashine za aina hiyohiyo kusoma karati za dhahabu. Tofauti ni jinsi ilivyopangwa na nani anayeishika. Na hata hiyo ina mipaka. Inasoma ngozi ya juu tu ya metali, na mnyororo uliopakwa dhahabu nene unaweza kuidanganya.

Kwa hiyo mji wa Kolwezi umejaa mashine za kupimia utajiri unaotoka, lakini mama wa Manika hana mahali pa kupeleka mkufu wake upimwe na mtu asiyetaka kuununua. Krezeri na mama huyu wamesimama mahali pamoja. Kila mmoja ana kitu, kila mmoja anasema ukweli wake, na kila mmoja anasubiri kuambiwa thamani na yule anayefaidika thamani ikiwa ndogo.

Jambo hilo limefika hata juu zaidi. Tangu ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya mwezi wa 1 mwaka 2016 kuhusu watoto katika machimbo ya kobalti, wanunuzi wakubwa duniani wanauliza madini ya Kolwezi yametoka wapi. Serikali ilianzisha Entreprise Générale du Cobalt mwaka 2019 ili kobalti ya wachimbaji wa mikono ipitie njia moja inayojulikana. Kwa upande mwingine, mwaka 2021 LVMH, Prada na Cartier waliunda umoja uitwao Aura, ili kila bidhaa ya kifahari iwe na cheti cha kidijitali kinachoifuata kutoka mkono hadi mkono. Pande zote mbili zinatafuta kitu kimoja: kumbukumbu ya njia. Anayeandika kumbukumbu hiyo ndiye anayeamua nani ataaminiwa.

Shaba iko pande zote mbili

Kuna jambo ambalo mkaaji wa Lualaba anapaswa kulijua anapotazama pete. Dhahabu safi ni laini mno kwa kuvaa kila siku. Ndiyo maana dhahabu ya karati 18 huchanganywa na metali nyingine, na ile ya njano kwa kawaida huchanganywa na fedha na shaba. Ile ya rangi ya waridi, inayopendwa sana siku hizi, ina shaba nyingi zaidi, na ndiyo inayoipa wekundu wake. Na bandia je? Sehemu kubwa ya minyororo ya bandia ni shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, juu yake ikapakwa dhahabu nyembamba kuliko karatasi.

Kwa maneno mengine, shaba iko ndani ya pete ya kweli na ndani ya pete ya uongo. Shaba inachimbwa Kolwezi, zinki inachimbwa Kipushi, na zote mbili zinaweza kurudi kwetu kutoka Dubai au China zikiwa na jina la Paris. Katanga haikukosa kamwe malighafi. Kilichokosekana ni muhuri.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya ukoloni, wafua shaba wa nchi hii waliyeyusha malakiti na kumimina misalaba ya shaba iliyotembea mbali kama mali ya kuoa na ya kununulia. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliikuta katika makaburi ya bonde la Upemba, kule Sanga, na mingine midogo ilikuwa na ukubwa unaokaribiana sana. Umbo na uzito vilitosha kuwa dhamana. Aliyepokea hakuhitaji cheti kutoka ng'ambo, kwa kuwa kipimo kilikuwa mikononi mwa pande zote mbili.

Malakiti nayo inashukiwa

Wanaoumia si wauzaji wa dhahabu tu. Mafundi wa malakiti wa Kolwezi na Lubumbashi wanatengeneza mikufu, bangili, visanduku na sanamu za wanyama. Katika karne ya 19 malakiti maarufu ilitoka milima ya Ural, na wafalme wa Urusi walipamba nayo chumba kizima cha jumba lao la Saint Petersburg. Leo Congo ndiyo chanzo kikuu cha jiwe hilo duniani.

Lakini mtandaoni malakiti ya Congo inauzwa bega kwa bega na plastiki iliyochorwa mistari ya kijani, na unga wa mawe uliogandishwa kwa gundi. Fundi wa Kolwezi anayetuma picha kwa mteja wa Johannesburg au Paris anaulizwa swali lilelile: ni yenyewe? Mteja ambaye aliwahi kuuziwa plastiki hamwamini tena mtu yeyote, hata aliyekaa juu ya mgodi.

Jiwe lenyewe lina alama zake. Malakiti ni nzito: uzito wake ni karibu mara nne ya maji ya ujazo uleule, wakati plastiki haizidi sana maji. Ni baridi mkononi na huchelewa kupata joto. Mistari yake hailingani, inapanuka na kubana, mwanga na giza vikifuatana bila mpangilio wa mashine. Ni laini kidogo kwa jiwe, ncha ya kisu huikwaruza, na siki huiharibu. Ndiyo maana haifai kumjaribia mtu pambo lake kwa kisu au asidi: ukithibitisha kwa namna hiyo, umeshaliharibu. Na fundi anayeikata avae kinga puani, kwani vumbi lake lina shaba nyingi na ni sumu.

Sheria inasema nini kwetu

Wengi wanaamini kwamba mauzo ya simu hayana sheria. Si kweli. Amri ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado inatumika Congo, inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika za kitu alichouza. Kifungu cha 98 cha sehemu ya pili ya sheria ya jinai kinaadhibu utapeli kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa 1 mwaka 1982 inalinda alama za biashara. Na tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, Congo ina Sheria ya Kidijitali, ambayo imeingiza biashara ya mtandaoni ndani ya sheria na kuyapa maandishi ya kielektroniki nafasi kama ushahidi.

Maana yake kwa raia ni hii: ujumbe wa WhatsApp ambamo muuzaji ameandika "ni dhahabu karati 18, gramu 10" ni ahadi. Ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money unaoonyesha pesa ilivyotumwa ni alama ya malipo. Usivifute. Sauti iliyotumwa huku mtu akicheka haina nguvu sawa na maneno yaliyoandikwa, yenye uzito na karati ndani yake.

Ugumu uko katika kuthibitisha. Hakimu naye atauliza: nani amepima? Congo inayo CEEC, kituo cha utaalamu, tathmini na uthibitisho wa madini ya thamani na ya nusu thamani, kilichoanzishwa mwaka 2003, mwaka uleule mfumo wa Kimberley wa almasi ulipoanza kazi. Inayo pia OCC, ofisi ya udhibiti wa bidhaa, tangu mwaka 1974. Lakini kazi ya ya kwanza inatazama madini yanayotoka nchini, na ya ya pili shehena zinazoingia. Mkufu uliokuja ndani ya sanduku la msafiri, ukauzwa Manika na kuuzwa tena Dilala, unapita katikati ya ofisi hizo mbili bila kuguswa.

Nini kinaweza kufanyika

Mashaka hayatakwisha, lakini yanaweza kupunguzwa, na mengi hayahitaji pesa nyingi.

Kwa mnunuzi: uliza gramu na karati kabla ya bei, kisha fanya hesabu ya dhahabu. Usitume pesa kabla ya kuona kitu. Kutaneni mahali penye watu, na ikiwezekana kwa sonara ambaye si muuzaji wala mnunuzi. Kwa mnyororo usio na mawe wala uwazi ndani, kuna kipimo cha zamani cha wanunuzi wa dhahabu: pima hewani, kisha pima ukiwa umening'inia ndani ya maji. Mnyororo wa karati 18 wenye gramu 15.5 utapungua kwa karibu gramu 1 ndani ya maji. Wa shaba ya njano wenye uzito huohuo utapungua kwa karibu gramu 1.8. Mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu inatosha. Usitegemee sumaku peke yake, maana shaba haivutwi na sumaku kama vile dhahabu isivyovutwa.

Kwa muuzaji mwaminifu: andika unachojua na usiandike usichojua. "Mkufu wa zawadi, gramu 12, una alama ya 750, sina cheti cha nyumba" ni maneno yanayokulinda kuliko "original kabisa." Ukiandika jina la nyumba kubwa bila karatasi, umebeba mzigo wa kuthibitisha ambao hutauweza. Ukiuza kama dhahabu kwa uzito, utapata kidogo kuliko bei ya jina, lakini hutapata robo.

Kwa familia zilizo nje: zawadi itumwe na karatasi yake. Dada wa Brussels anaona haya kuonyesha bei, na hiyo ni heshima. Lakini cheti kikitupwa, sehemu kubwa ya thamani ya zawadi imetupwa nacho. Afadhali afute bei kwa wino na kuhifadhi kilichobaki.

Kwa mafundi wa malakiti: waungane na watoe kadi moja yenye namba, jina la fundi, uzito wa kitu na mahali jiwe lilipochimbwa, na kumbukumbu ibaki katika daftari ambalo mteja anaweza kuliuliza. Haitakuwa teknolojia ya Aura, lakini itakuwa muhuri wa Kolwezi, uliowekwa na watu wa Kolwezi.

Kwa viongozi wa jimbo: dirisha moja la kupima, katika ofisi ya CEEC au katika kituo cha Musompo, ambako raia analipa kiasi kidogo na kupewa karatasi yenye uzito na karati, bila kulazimika kuuza. Mashine za aina hiyo zimekwisha kujaa mjini. Kinachotakiwa ni moja ambayo mwenye kuishika halipwi kutokana na jibu lake. Dirisha kama hilo lingemfaa pia krezeri anayetaka kujua asilimia ya kobalti yake kabla ya kuingia katika depo.

Yapo mapingamizi ya haki. Karatasi nazo hughushiwa, na nchi yetu inajua habari za mihuri inayonunuliwa. Dirisha la kupimia linaweza kugeuka mlango mwingine wa kutoza rushwa. Hatari hiyo ipo, na kwa sababu hiyo kipimo kifanywe mbele ya mwenye kitu, namba aione kwa macho yake, na mizani ikaguliwe hadharani. Lakini kubaki kama tulivyo si kubaki bila gharama. Kila siku mtu mwenye dhahabu ya kweli anaiuza kwa bei ya shaba, na mtu mwenye shaba anaiuza kwa bei ya dhahabu, na tofauti yote inaingia katika mfuko wa yule anayejua kuliko wengine.

Mama wa Manika atauza mkufu wake, kwa sababu shule haisubiri. Swali ni kama atauuza kwa uzito wake au kwa mashaka ya mnunuzi. Katika mji ambao kila jiwe linalotoka hupimwa hadi sehemu ya asilimia kabla halijavuka Kasumbalesa, raia naye anastahili kupimiwa mali yake kwa mizani anayoiona.